Hivi kwa nini Oliver Twist hakugeuka kibaka?

#1 Kijiti cha Jioni
Wakuu habari za jioni.

Nimemaliza Oliver Twist wa Charles Dickens, kitabu kizima, si kile chembamba cha kurahisishwa tulichopewa sekondari. Kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama anamzaa kwenye nyumba ya maskini na kukata roho hapohapo. Jina anapewa na Bumble, mnyapara wa parokia, anayewaita watoto wa kuokotwa kwa kufuata alfabeti: aliyetangulia Swubble, huyu Twist, na ambaye hata hajazaliwa tayari ni Unwin. Analelewa na Bi Mann, anayelipwa kwa kila kichwa na hela nyingi zinaishia kwake. Siku anayotimiza miaka tisa tunamkuta kafungiwa stoo ya makaa ya mawe na wenzake wawili baada ya kichapo. Kosa lao? Kuwa na njaa.

Huyuhuyu anafika London, anaangukia kwa Fagin, genge zima linamfundisha kuchomoa mifukoni, na anabaki mnyoofu kama rula. Anaongea kwa adabu kama kakulia nyumbani kwa askofu. Dodger na Charley Bates, vijana wa genge hilo, nao hawana mtu, lakini wao wameshaiva.

Kwa nini Oliver hakuoza? Mimi nadai Dickens katupiga changa la macho, na yatima wa kweli wa kitabu kile ni Dodger. Nipingeni.

#2 Ngedere Mstaarabu
Naweka jamvi na chupa ya chai. Waje.

#3 Mpwani wa Kale
Oliver si yule mlafi wa uji? Sisi bwenini kila aliyerudi foleni mara ya pili tulimwita Oliver. Mtu kaponzwa na tumbo lake, tumlilie?

#4 Mwalimu Chaki
Mpwani, hapo ndipo kile kitabu chembamba kilipokuharibia. Oliver hakuinuka kwa ulafi wake. Watoto walipewa bakuli moja la uji mwepesi, na mabakuli hayakuhitaji kuoshwa kwa sababu waliyakwangua kwa vijiko mpaka yakang'aa. Baada ya miezi mitatu hivi, mmoja wao, mrefu, ambaye baba yake aliwahi kuwa na mgahawa mdogo, akawaambia wenzake kwamba asipoongezewa bakuli anaogopa usiku mmoja atamla anayelala jirani yake. Wakamwamini. Wakapiga kura nani akaombe, ikamwangukia Oliver.

Kwa hiyo mnayemtania mabwenini alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi.

#5 Fundi Saa
Hahaha, mwakilishi wa wafanyakazi. Mwalimu umenirudisha mbali.

Kidato cha pili, shule ya bweni, maharage unagawiwa mchuzi wa juu, yenyewe yamelala chini ya sufuria. Tulipiga kura vilevile, na Dickens hatumjui. Ikaniangukia. Nikaenda na sahani yangu ya bati, nikasema, "Mpishi, tunaomba utuchotee kutoka chini." Upawa ulitua hapa juu ya sikio, wa moto, na maharage mawili yakabaki kwenye kola. Wenzangu wote macho kwenye sahani zao, hakuna aliyenijua.

Miaka baadaye nikasoma kwamba Oliver naye alipigwa kwa upawa uleule wa kugawia uji. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Mpaka leo nikila kwa watu siongezi.

#6 Bibi Mkunazi
Pole mwanangu Fundi.

Kijiti, jibu ni jepesi: damu. Mama yake Oliver alikuwa binti wa afisa wa jeshi la majini, baba mtu mwenye mali. Ile picha ya mama huyo ukutani kwa Mzee Brownlow, aliyemchukua Oliver akamtunza, Dickens hakuitundika bure. Mtoto anafanana nayo mpaka mzee anashtuka. Maji hufuata mkondo.

#7 Kijiti cha Jioni
Damu, bibi? Na Monks je? Kaka yake wa baba mmoja, ana hela, na ni mbovu kuliko vibaka wote wa Fagin ukiwajumlisha.

#8 Bibi Mkunazi
Baba mmoja, mama mbalimbali. Mimi nilikuwa nazungumzia mama.

#9 Ngedere Mstaarabu
Bibi kashapitia dirishani.

#10 Wakili wa Kijiweni
Mnaikanyaga hati muhimu kuliko zote: wosia. Baba yao, Edwin Leeford, aliandika kwamba mtoto wa Agnes, yaani mama yake Oliver, akiwa wa kike apate mali bila sharti. Akiwa wa kiume, apate tu ikiwa hajawahi kulichafua jina lake hadharani kwa tendo la aibu au uovu kabla ya kufikia utu uzima. Ndiyo maana Monks anamlipa Fagin amfanye mtoto mwizi. Akikamatwa na leso moja tu, mali imekwenda.

Ukitazama hivyo, Oliver habaki mwema kwa sababu ya damu wala malezi. Anabaki mwema kwa sababu akiiba hadithi imekufa. Na kumbukeni kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mtoto wa nje ya ndoa hakuwa mrithi wa mtu. Bila wosia hana hata kijiko.

#11 Mwalimu Chaki
Wakili, nusu sahihi. Wosia wenyewe mama yake Monks alishauchoma. Kisheria Monks alikuwa analala usingizi. Kilichomsukuma ni chuki: aliapa kwamba akimpata huyo mtoto atamburuta mpaka chini ya kitanzi, ili yale majigambo ya baba kwenye wosia yageuke kicheko. Mtu anatoa hela kumharibu mtoto ambaye hawezi kumdai kitu.

#12 Wakili wa Kijiweni
Nimepokea marekebisho. Ila hilo linafanya iwe mbaya zaidi.

#13 Kikokotoo
Mimi watu wa fasihi mnanichosha, nipeni namba. Bi Mann alilipwa peni saba na nusu kwa mtoto kwa wiki. Baada ya kisa cha uji, parokia ikabandika tangazo getini: atakayemchukua Oliver apewe pauni 5. Pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo pauni 5 ni peni 1,200. Gawanya kwa saba na nusu: wiki 160, miaka mitatu na kama mwezi mmoja. Parokia ilikuwa tayari kulipa matunzo ya miaka mitatu kwa mkupuo ili isimwone tena.

Akaja Gamfield, mfagia dohani, anadaiwa kodi, anampiga punda wake kichwani njiani. Anawaeleza wakubwa kwamba mtoto akikwama ndani ya dohani dawa ni kuwasha moto chini, atashuka mwenyewe mbio. Hawakukasirika. Walitumia maelezo hayo kumshusha bei. Wakaafikiana pauni 3 na shilingi 10.

#14 Fundi Saa
Na kilichomwokoa hapo ni hakimu mzee, macho hayaoni vizuri, aliyekuwa anatafuta kidau cha wino mezani. Kama kidau kingekuwa pale alipodhani kipo, angetia sahihi. Akakitafuta, macho yakaangukia uso wa mtoto, akaona hofu. Nusu ya maisha ya Oliver ni ajali za namna hiyo.

#15 Mbeba Boksi
Wakuu, nawasalimu kutoka London. Zamu zangu za usiku ni maeneo ya Clerkenwell, na Saffron Hill napita kwa miguu kwenda kituoni. Siku hizi ni ofisi na baa. Field Lane, jirani na alikokuwa anaishi Fagin, ilibomolewa karne hiyohiyo. Dickens anaieleza kama kichochoro ambacho madukani zimening'inia leso za hariri kwa mafungu, mpaka kwenye fremu za milango. Leso zilikuwa hela. Unaibiwa mwanzo wa mtaa, unaikuta inauzwa mwisho wa mtaa.

Na Cleveland Street bado lipo jengo la nyumba ya maskini. Dickens aliishi mtaa huohuo, nyumba chache kutoka hapo, utotoni na tena alipokuwa kijana. Jambo hili lilivuma mwaka 2010, jengo likiwa karibu kubomolewa. Watu wanasema ndilo lililomtia mawazo.

#16 Mpwani wa Kale
Ngoja kwanza. Leso? Huku kwetu leso ni ile ya mama, mnayoiita kanga. Yaani miaka yote hii nimekuwa na picha ya vitoto vya Kizungu vinakimbia na leso za akina mama zenye majina, nikijiuliza wazee wa London walikuwa wanazivaa wapi.

#17 Ngedere Mstaarabu
Nimemwaga chai. Fagin anazipanga: hii imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", hii peleka sokoni.

#18 Kichwa Ngumu
Mnachambua mno. Mimi niliona filamu, ile ya nyimbo. Mwisho Fagin na Dodger wanaondoka zao wanacheza. Kama vibaka wenyewe waliishia vizuri, tatizo liko wapi?

#19 Mwalimu Chaki
Filamu hiyo ya 1968 imewasamehe. Kitabu hakikusamehe. Fagin ananyongwa gereza la Newgate. Dodger anakamatwa na kijisanduku cha ugoro cha fedha na anasafirishwa ng'ambo kama mfungwa. Anamchekesha kila mtu mahakamani, anadai haki zake, anawaambia pale si duka la haki. Kijiti, hapo nakuunga mkono kidogo: yule mtoto ana akili kuliko hakimu.

#20 Mama Wawili
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mbona hamumtaji Nancy? Nancy anamwambia Fagin usoni kwamba alianza kumwibia akiwa mdogo kuliko nusu ya umri wa Oliver, na kwamba ni miaka kumi na miwili yuko kwenye kazi hiyo. Yaani naye ni mtoto wa genge. Hakuwa na picha ukutani wala wosia. Na ndiye anayekwenda gizani hadi London Bridge kumwokoa mtoto wa mwenzie, akijua akijulikana atakufa. Akajulikana, akauawa.

Kwa hiyo bibi, damu hapana. Na wewe Kijiti, mazingira hapana. Aliyeoza na hakuoza ni Nancy.

#21 Kichwa Ngumu
Aliuawa na Fagin, sindio?

#22 Mama Wawili
Na Sikes, mwanaume wake. Fagin alimtuma mtu amfuatilie, kisha akampelekea Sikes maneno. Mkono wa Sikes, mdomo wa Fagin.

#23 Bibi Mkunazi
Huyu Mama Wawili kanifunga mdomo. Lakini sitoi "damu" yangu, naiweka pembeni tu.

#24 Jiwe la Kinu
Niongeze moja ambalo hakuna aliyeligusa. Dickens mwenyewe hakuwa yatima, lakini alionja. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni. Charles, miaka 12, akapelekwa kiwanda cha dawa ya viatu kando ya Mto Thames, panya wamejaa, kazi kufunika vikopo kwa karatasi, kufunga uzi na kubandika lebo, kwa shilingi sita au saba kwa wiki.

Siku ya kwanza kijana mmoja akapanda kumfundisha namna ya kufunga ule uzi. Jina lake Bob Fagin.

Ndiyo, Fagin. Bob alikuwa yatima, anaishi kwa shemeji yake, mtu wa mashua. Siku moja Charles akashikwa na maumivu ya ubavu kazini. Bob akamlaza juu ya majani makavu, akawa anajaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dawa ya viatu na kumkanda nazo nusu siku. Jioni akakataa kumwacha aende peke yake. Charles anaona aibu, nyumbani ni gerezani. Walipofika karibu na Southwark Bridge akapanda ngazi za nyumba ya watu asiowajua, akampa mkono Bob, akajifanya amefika. Na kwa kuwa Bob angeweza kugeuka kumtazama, akabisha hodi kabisa, akamuuliza mama aliyefungua kama hapo ni kwa Bwana Robert Fagin.

Miaka 13 baadaye jina la yule mtoto aliyemkanda ubavu akampa mkuu wa wezi. Nimelifikiria hilo sana na sijui nimweke wapi Dickens.

#25 Fundi Saa
Jiwe, hii imenikalisha.

#26 Mama Wawili
Labda aliogopa wema wa Bob kuliko ukali. Bob alikuwa anamfundisha kazi, anamzoeza. Angezoea, angebaki. Na Fagin wa kitabuni anafanya kitu hichohicho: Oliver katembea siku saba, London kaingia na njaa, anakuta soseji zinakaangwa. Watu wa kwanza London kumshibisha ni wezi.

#27 Jiwe la Kinu
Na aliandika mwenyewe, kwenye kumbukumbu alizompa rafiki yake John Forster, kwamba bila rehema ya Mungu, kwa jinsi alivyotelekezwa, ingekuwa rahisi yeye kuwa kijizi kidogo au mzururaji. Kwa hiyo Kijiti swali lako alijiuliza yeye kwanza. Oliver ndiye alivyotaka kuamini kwamba alikuwa.

#28 Wakili wa Kijiweni
Jiwe umeongea vizuri, lakini usimsafishe sana. Fagin wa kitabuni anaitwa "Myahudi" kila aya, kama vile kabila ndilo kosa. Mwaka 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, ambaye mumewe alinunua nyumba ya Dickens, alimwandikia kumlaumu. Dickens alijitetea kwanza, kisha akawa na la kufanya: toleo la 1867 akaliondoa neno hilo mara nyingi katika sura za mwisho. Ndiyo maana kitabu kimoja kina Fagin wa namna mbili.

#29 Kikokotoo
Turudi kwenye uji. Kuna madaktari na wataalamu wa lishe walichapisha makala mwaka 2008 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza. Walipiga hesabu za vyakula vya nyumba za maskini za wakati ule, wakasema havikuwa vibaya kama Dickens alivyochora. Kwa hiyo mzee alitia chumvi.

#30 Mwalimu Chaki
Ratiba ya chakula ukutani ni kitu kimoja, kinachofika bakulini ni kingine. Muulize Fundi Saa habari za chini ya sufuria. Mwaka 1845 ilifichuka kwamba kwenye nyumba ya maskini ya Andover watu waliopewa kazi ya kusaga mifupa kuwa mbolea walikuwa wanagombea mabaki ya nyama na uboho kwenye mifupa hiyo. Nao ratiba walikuwa nayo. Sheria ya Maskini ya 1834 ilitaka humo ndani pawe pabaya kuliko kibarua cha chini kabisa nje, ili mtu asiingie ila akishindwa kabisa.

#31 Mpole wa Kiloleni
Mimi nashukuru kwa uzi. Nimefiwa na wazazi nikiwa na miaka kumi, nikapelekwa kwa ndugu. Sikulazwa kwenye majeneza kama Oliver kwa yule mzishi, ila niliwahi kula baada ya mbwa. Oliver pale alipewa mabaki ya mbwa. Mimi mbwa alianza kwa sababu yeye ni wa ulinzi.

Kilichonizuia kuiba si damu wala dua. Niliiba. Elfu mbili, chini ya kitambaa cha meza. Nikakaa nazo siku nne, sikujua ninunue nini ambacho kisingeonekana, nikazirudisha. Oliver angenielewa? Sidhani. Dodger angenicheka.

#32 Kijiti cha Jioni
Mpole, asante kwa kusema. Ndicho nilichokuwa natafuta bila kujua. Dickens hakumpa Oliver hata ile elfu mbili ya siku nne.

#33 Mbeba Boksi
Alimpa kidogo, mkisoma vizuri. Baada ya kutekwa kutoka kwa Brownlow na kurudishwa, Fagin anamfungia peke yake siku nyingi, nyumba tupu, madirisha yamepigwa misumari. Halafu anaanza kumletea watu. Oliver amechoka na upweke mpaka anafurahi kumsafishia Dodger viatu. Nikisoma hapo huwa nasema: wiki mbili zaidi, huyu anaondoka. Fagin anaijua kazi yake kuliko parokia.

#34 Ngedere Mstaarabu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna damu (pembeni), wosia (ulichomwa), Bob, Nancy, na wiki mbili. Wa Kichwa Ngumu sihesabu.

#35 Kichwa Ngumu
Nami nina langu. Alipokimbizwa na mtaa mzima wakipiga kelele "mwizi, mwizi", akaangushwa kwa ngumi ya mdomo, hakimu Fang akamhukumu miezi mitatu ya kazi ngumu bila kusikiliza. Nani alimwokoa? Muuza vitabu. Alimwona aliyeiba, akatafuta wa kumwachia meza yake, akakimbilia mahakamani, akaingia kwa nguvu. Huku kwetu mwizi wa sokoni hapati hata hakimu. Mimi niliwahi kukimbizwa hivyo nikiwa darasa la sita, simu si yangu, sikuiona hata. Alinifunika mama muuza mitumba na furushi lake, akawaambia watu huyu ni mwanangu, katoka kununua chumvi. Sijawahi kumuona tena.

Kwa hiyo hakuoza kwa sababu kuna mtu aliacha biashara yake dakika ishirini.

#36 Bibi Mkunazi
Kichwa Ngumu, hilo jina badilisha.

#37 Mama Wawili
Mwanangu mkubwa tulisoma naye kile chembamba. Hakuuliza habari za Oliver wala Dodger. Aliuliza, "Dick yuko wapi?" Kile kitabu hakina Dick, shuleni mwalimu wake aliwasimulia. Nikaenda kutafuta kile kikubwa.

Oliver anapotoroka alfajiri, anapita pale kwa Bi Mann. Dick yuko bustanini anang'oa magugu, mdogo, mgonjwa, amesikia daktari akisema anakufa. Anapanda geti, anamkumbatia Oliver shingoni, anamwambia Mungu akubariki. Kitabu kinasema ndiyo mara ya kwanza Oliver kuombewa baraka na mtu. Mwishoni Oliver ana nguo, ana jina, anarudi na gari kumchukua. Dick ameshakufa.

#38 Kijiti cha Jioni
Nimefungua ukurasa wa geti sasa hivi. Dodger nimemwacha kwanza.

#39 Ngedere Mstaarabu
Chai imeisha, wakuu. Mpwani, ukija kesho lete leso.